Wazee Wapate Mahali pa Kuketi

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mwenzetu, fundi wa mawe aliyestaafu, mbele ya mkutano wa wafanya kazi huko Nyacheki. Wengi waliokosa kufika wameomba wayasome, kwa hiyo tumeyapiga chapa yote kama alivyoyasema.)



Mimi nimezoea kushika mwiko, sikuzoea kushika karatasi. Basi nikikosea maneno mtanisamehe. Lakini nikikosea vipimo msinisamehe, maana vipimo ndiyo kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu.

Katika mikutano yetu twazungumza habari za mshahara, za likizo na za malipo ya uzeeni. Ni mambo makubwa, nami siyapunguzi. Lakini leo nataka kuuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa hapa. Mtu akimaliza kazi yake, akarudi nyumbani, akawa mzee, halafu siku moja akaja sokoni, ataketi wapi?

Naona wengine mnacheka. Hata mimi ningecheka zamani. Ngojeni niwaeleze.

Juzi nilifuatana na mama mmoja, jirani yangu. Mama huyu alichuma chai Kericho miaka mingi, na sasa amepita miaka sabini na mitano. Alitaka kununua chumvi, sabuni na dawa ya magoti. Tulishuka kwenye matatu, tukaanza kutembea, nami kwa tabia ya fundi nikawa nahesabu. Mahali pa kwanza alipopumzika ni ukingo wa daraja dogo la mtaro, miguu yake ikiwa barabarani penye bodaboda. Mahali pa pili palikuwa kreti ya soda mbele ya duka. Mwenye duka akamwuliza, "Mama, nikupe nini?" Mama hakutaka kitu ila pumzi. Lakini aliona haya, akanunua biskuti asizozitaka, apate haki ya kuketi. Mahali pa tatu palikuwa jiwe, nalo lilikuwa limelowa kwa mvua. Mara ya nne hapakuwa na kitu cho chote, akasimama ameshika ukuta.

Tulipofika aliniambia, "Mwanangu, mimi kutembea naweza. Kusimama ndiko kunaniua. Siku hizi sitoki nyumbani ila nikilazimika."

Ndugu zangu, shikeni neno hilo. Mama hakusema njia ni ndefu. Alisema hakuna pa kupumzikia. Mzee anayeweza kwenda hatua mia kisha apumzike, anaweza kwenda maili nzima ikiwa kila hatua mia kuna kikao. Kikao kikikosekana, hatoki kabisa. Na asipotoka, hanunui kwa mkono wake, haonani na wenzake, hasikii habari, na akiugua hakuna anayejua mpaka amezidiwa.

Sasa mtauliza, jambo hili linahusu nini chama cha wafanya kazi? Nami nawauliza, hao wazee ni akina nani? Ni waliochuma chai, waliopasua mawe, waliofagia miji, walioendesha magari na waliofundisha watoto wetu. Barabara tunazopita zilichimbwa kwa mikono yao. Mzee ni mfanya kazi mwenzetu aliyetangulia. Na sisi sote, Mungu akitujalia, tumo njiani kumfuata.

Wala si wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliona Kenya watu wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, katika watu milioni 47.6. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema ya kuwa wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na kuishi kwa heshima. Mtu atashirikije katika mambo ya jamii ikiwa hawezi kufika mahali jamii inapokutana?

Serikali imewakumbuka kwa njia moja. Tangu mwaka 2018 mzee aliyefika miaka 70, akiandikishwa, hupewa Shs. 2,000 kwa mwezi. Twashukuru. Lakini pigeni hesabu pamoja nami. Tuseme mama hawezi kutembea kwa sababu hakuna pa kupumzika, akapanda bodaboda kwa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Akienda mara moja kwa juma, shilingi 800 zimeisha. Zaidi ya theluthi ya fedha ile imekuwa ushuru wa kukosa viti!

Sasa naja kwenye jambo la uchungu, nami naomba mnisikilize kwa utulivu. Sisi wa Gusii tuna aibu moja ambayo dunia nzima imeisoma magazetini. Mwezi wa Mei, mwaka 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto mpaka wakafa katika sehemu zetu hizi, kwa kusingiziwa uchawi. Mwezi wa Oktoba, 2021, kina mama wazee wanne waliuawa huko Marani kwa neno lile lile. Sisemi ya kuwa kiti cha zege kingewaokoa. Chuki ina mizizi mingi, na mingine ni tamaa ya shamba. Wauaji ni wauaji, na dawa yao ni sheria. Lakini nasema hivi: mzee asiyeonekana ni rahisi kuzuliwa maneno. Mama anayekaa peke yake gizani nyuma ya migomba, watoto hawamjui sura wala sauti, uvumi juu yake hauna wa kuupinga. Bali mama anayeketi sokoni kila juma, anayejua majina ya watoto na kuwatuma maji, akisingiziwa watu watasema, "Nani? Yule? Twamjua." Kwa hiyo mahali pa wazee pa kukutania si mapambo ya mji. Ni ulinzi.

Zamani jambo hili halikuhitaji kupangwa. Wazee walikuwa na mti wao. Chini ya mti ule walisikiliza mashauri na kufundisha vijana. Lakini ninyi mwaijua nchi yetu jinsi ilivyojaa. Hesabu ile ya 2019 yaonyesha ya kuwa Kaunti ya Kisii ina watu 1,266,860, ndio kusema zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba lililokuwa la babu mmoja sasa lina nyumba za wajukuu kumi. Mti umekatwa, na palipokuwa na kivuli sasa kuna mahindi. Ndiyo maana nasema, mahali pa wazi palipobaki kwa watu wote ni sokoni, kando ya barabara, uwanja wa shule, na uani kwa kanisa au zahanati. Hapo tusipoweka nafasi ya wazee, hawatakuwa na nafasi po pote.

Na mahali hapo penyewe hunyemelewa. Mwaka 2004 Tume ya Ndung'u ilitoa ripoti juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa watu kinyume cha sheria kote Kenya, na ndani yake vimo viwanja vya masoko, vya michezo na bustani. Mwizi wa ardhi hupenda mahali pasipo kitu. Penye mti uliotunzwa, vikao viwili, na wazee sita wanaoketi kila siku wakitazama nani apita na kamba ya kupimia, hapo anaogopa.

Wenzetu wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Ukienda Unguja, katika Mji Mkongwe, utaona nyumba nyingi zimejengewa kikao cha mawe kilichoshikamana na ukuta wa mbele, upande wa njiani. Chaitwa baraza. Wazee huketi hapo jioni, hunywa kahawa, hucheza bao, husalimiana na kila mpitaji. Wala haulizwi mtu atanunua nini. Sisi wa bara tulilichukua neno baraza likawa mkutano wa chifu, tukasahau ya kuwa ni mahali pa kuketi pia. Tulichukua neno, kiti tukakiacha pwani!

Hata Shirika la Afya Duniani limelishughulikia jambo hili. Mwaka 2007 lilitoa kitabu cha kuongoza miji iwafae wazee, baada ya kuwauliza wazee wenyewe katika miji 33 ya dunia, na Nairobi ulikuwa mmojawapo. Mambo manane yameelezwa mle, na la kwanza kabisa ni mahali pa nje na majengo. Wazee walitaja vitu ambavyo mama jirani yangu angevitaja: mahali pa kupumzika, njia isiyokwaza miguu, vyoo, na usalama wa kuvuka barabara.

Sasa, ndugu mafundi, nakuja kwenye kazi yetu. Hapa sina budi kukiri kosa. Katika maisha yangu nimejenga vikao vingi vya nje, makanisani na mashuleni, na karibu vyote nilivijenga vibaya. Nilikuwa najenga kama sanduku: tofali mpaka chini, zege juu, basi. Kijana huketi hapo na kuondoka bila taabu. Lakini mtazameni mzee anapotaka kuinuka. Kwanza huvuta miguu nyuma, chini ya kiti, halafu husukuma kwa mikono. Kikao changu cha sanduku kilimzuia kurudisha visigino, wala hakikuwa na pa kushika. Nilimjengea mtego. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyewauliza wazee.

Basi andikeni vipimo hivi.

Kwanza, kikao. Urefu wake toka chini uwe inchi 18, yaani sentimita 45 hivi. Kikiwa chini sana magoti hayainuki, kikiwa juu sana miguu inaning'inia. Kiwe na egemeo la mgongo na mahali pa kuwekea mikono pande zote mbili. Chini yake pawe wazi ili visigino viingie. Juu pawekwe mbao, kwa maana zege la Gusii asubuhi ni baridi kama maji ya mtoni. Na mbao ziachiwe nafasi kati yake, maji ya mvua yapite.

Pili, kutoka kikao kimoja hata kingine. Isizidi mita 50 kwenye njia wanayopita wazee, na mlimani iwe karibu zaidi. Nasi hapa kila mahali ni mlima. Wala msisahau mteremko: kwa magoti mabovu, kushuka huumiza kuliko kupanda. Kikao kielekee watu, wala kisielekee ukuta. Mzee amekuja kuona soko, si kuhesabu matofali.

Tatu, njia. Upana uwe futi 5, mzee na mjukuu anayemshika mkono wapite pamoja. Penye mwinuko, tengenezeni mteremko wa kupandia badala ya ngazi: kwa kila futi moja ya kupanda, iwe na futi 12 za urefu, na mkipata nafasi ya futi 20 ni bora zaidi. Zege lifagiliwe kwa ufagio kabla halijashika, likwaruze, kwa sababu zege laini likilowa ni sabuni. Ngazi zikiwa hazina budi, kila moja isizidi inchi 6, zote ziwe sawasawa, ukingo upakwe rangi nyeupe, na pawe na chuma cha kushika, urefu wake futi 3. Chuma hicho kianze kabla ya ngazi ya kwanza na kipite ngazi ya mwisho, kwa maana watu huanguka kwenye ngazi waliyodhani haipo.

Nne, mtaro. Mvua yetu ni nyingi, mitaro hatuwezi kuikosa. Lakini mtaro ulio wazi kando ya njia ni kaburi la mguu. Ufunikwe kwa vipande vya zege vinavyoweza kuinuliwa wakati wa kusafisha. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vya ajali zisizokusudiwa duniani, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Kijana akianguka huvunja heshima. Mzee akianguka huvunja nyonga, na wengi hawatembei tena kama zamani.

Tano, kivuli. Pandeni mti wenye majani mapana, usio na miiba. Mkaratusi msiupande hapo, hunywa maji yote na kuangusha matawi. Mparachichi nao una kivuli kizuri, lakini parachichi likimwangukia mzee kichwani mtakuja kuniuliza mimi! Na mti ukiwa bado mdogo, wekeni paa la mabati, maana hapa mvua ya saa tisa haingoji mti ukue.

Sita, choo. Hili watu huona haya kulisema, nami nimeshazeeka, sioni haya. Wazee wengi hukaa nyumbani kwa sababu hawajui watajisaidia wapi. Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa magoti. Pawe na chumba kimoja chenye cha kukalia na chuma cha kushika ukutani, kisiwe mbali na vikao, wala ufunguo usiwe mfukoni mwa mtu aliyekwenda kwao.

Saba, mwanga na barabara. Macho ya mzee yahitaji mwanga mwingi kuliko ya kijana. Mulika mwizi mmoja juu ya mlingoti hauangazi shimo lililo nyuma ya kibanda. Na ninyi ndugu wa bodaboda, nawaomba kwa heshima: yale mahali pa kuvukia msipageuze kuwa maegesho. Huko Singapore, tangu mwaka 2009, mzee huweza kugusisha kadi yake kwenye mlingoti wa taa za barabarani, naye akaongezewa muda wa kuvuka. Sisi hatuna taa hizo hapa, lakini mkono wa dereva wa kusema "Pita, mama" haununuliwi dukani.

Sasa, nani atalipa? Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tunapodanganywa. Mtu atasema, "Hili ni jambo la hisani, wananchi wajitolee." Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba limeweka masoko, barabara za kaunti, taa za njiani na mahali pa kupumzikia wananchi mikononi mwa Serikali ya Kaunti. Ni kazi yao, na sisi tunalipa ushuru wa soko kila siku. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya fedha hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo wananchi lazima waitwe watoe maoni. Tukienda mwezi wa Juni kulia, tumechelewa. Tukienda mapema na karatasi yenye vipimo na bei, hatuwezi kuambiwa hatujui tunachotaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mambo matatu mbele ya mkutano.

La kwanza: watu watatu wa chama hiki waende na wazee watatu, wanawake wakiwa wawili angalau, watembee kutoka steji mpaka sokoni na mpaka hospitalini. Wasitangulie mbele. Wafuate nyuma ya mzee, kwa mwendo wake. Kila anaposimama, waweke alama kwa chokaa. Alama hizo ndizo ramani yetu. Hakuna mhandisi atakayetuchorea iliyo bora.

La pili: karatasi ya vipimo na bei iandikwe, ipelekwe kwenye mkutano wa wadi kwa jina la chama, na wazee wenyewe wakiwapo waseme. Penye wazee haliharibiki neno.

La tatu: Jumamosi moja, sisi mafundi tujenge vikao viwili kwa mikono yetu, mahali palipo na alama nyingi zaidi, baada ya kupata ruhusa. Mimi nitatoa mifuko miwili ya saruji. Lakini viwili tu! Hivyo ni mfano, watu waone na waketi. Vilivyobaki, na njia, na choo, na mitaro, vijengwe kwa fedha ya umma, na vijana wetu walipwe mshahara halali kwa kazi hiyo. Tukijenga vyote bure tutakuwa tumewasaidia wazee kwa kuwanyang'anya vijana mkate. Hiyo si njia ya chama cha wafanya kazi.

Namalizia. Nilipomrudisha mama yule nyumbani siku ile, alinipa zile biskuti alizonunua. Akasema, "Chukua, mimi sina meno." Nimezihifadhi. Siku kikao cha kwanza kitakapokauka, nitamleta aketi, nami nitamrudishia biskuti zake, hata kama zimeota ukungu, ili ajue ya kuwa sasa anaketi bila kununua.

Watu husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nasema, ukiona wazee wameketi sokoni wakicheka, jueni kuna mafundi waliokubali kuuliza kabla ya kujenga.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya maneno haya, mkutano ulikubali mambo yote matatu. Wanachama wanaotaka kufuatana na wazee siku ya kupima njia wampe Katibu majina yao. Waje na viatu vya matope, chokaa na subira.)